Kabla Hujanunua Kamba Mpya, Isome ya Zamani

Yoti ya faiba inaweza kukaa majini miaka 40 na bodi yake ikawa bado nzima. Kamba zake haziwezi. Jua la pwani yetu huzichoma mwaka mzima, kwa kuwa huku hakuna majira ya baridi ya kuzifungia stoo kama wafanyavyo Ulaya. Chumvi hukauka katikati ya nyuzi ikawa msasa. Na kila zinapokazwa, hukazika mahali palepale, juu ya chuma kilekile. Ukiwa na chombo kuukuu cha namna hiyo Kilifi, Mtwapa, Tanga au Msasani, kiwe chako au umekabidhiwa kukitunza, ipo siku utalazimika kubadilisha kamba zote zinazokwenda: za kutweka tanga, za kulivuta na za kulipunguza. Mwongozo huu ni wa kazi hiyo. Nyaya zinazousimamisha mlingoti ni habari nyingine, na ukizitilia shaka mwite fundi wake.

Nitatumia majina ya jahazini kila yanapofaa. Henza ni kamba ya kutwekea tanga, demani ni ile ya kulivuta na kulilegeza. Boriti ya ulalo inayoshika ukingo wa chini wa tanga kuu nitaiita bumu, kama waitavyo mabaharia wa yoti.

Jambo moja ulishike kabla hujatoa hata shilingi: kamba haichakai ovyo. Huliwa mahali maalumu, na kitu maalumu. Ukiweka kamba mpya bila kumtafuta huyo mlaji, umemletea chakula kingine.

Kuisoma

Chagua asubuhi isiyo na upepo. Tweka tanga kuu mpaka juu, ulikaze kama unavyolikaza baharini. Kwa kalamu ya wino usiofutika, tia alama kwenye henza pale inapotokea mlingotini, na nyingine pale inapobanwa na kibanio. Punguza tanga hatua moja, utie alama tena kwa rangi tofauti. Kisha tua. Alama hizo zinakuonyesha pa kutazama. Ongeza na sehemu ya tatu usiyoweza kuitia alama ukiwa chini: ile nusu mita iliyo jirani na shakeli, pingu ya chuma inayoshika kichwa cha tanga. Kipande hicho ndicho kinacholala juu ya roda ya kileleni, gurudumu lenye mfereji wa kupitishia kamba, muda wote tanga linapokuwa juu, na henza nyingi hufia hapo.

Ipitishe kamba yote kiganjani taratibu, bila glavu, toka ncha hadi ncha. Manyoya mepesi yaliyoenea sawasawa yasikutishe. Nyuzi za juu zikikatika kidogo hujifanya kinga ya zilizo chini. Kinachotisha ni tofauti. Ukikuta mahali ambapo kamba imekuwa nyembamba ghafla, moyo wake wa ndani umekatika au unakaribia. Ukikuta uvimbe, moyo umejikusanya. Ukikuta sehemu inayong'aa na kuwa ngumu kama imepakwa gundi, joto la msuguano limeyeyusha nyuzi, mara nyingi kwa sababu mtu huiachia kamba ikimbie kwenye winchi ikiwa na mzigo. Ganda likiacha unga mweupe mkononi hata baada ya kuoshwa, jua limekwisha kulimaliza.

Kamba kavu isiyopindika yaweza kuwa mbovu, au yaweza kuwa chafu tu. Usihukumu kabla ya kuosha. Ilaze usiku kucha kwenye ndoo ya maji ya bomba yenye sabuni kidogo ya kufulia, uisuuze mpaka maji yatoke meupe, uianike kivulini. Usitie dawa ya kung'arisha nguo, wala usiielekezee mashine ya maji ya kasi, maana hiyo husukuma mchanga uingie ndani zaidi. Kamba kadhaa utakazokuwa umezihukumu kifo zitarudi laini, na hizo hazihitaji fedha yako mwaka huu. Henza iliyochakaa upande mmoja tu yaweza kugeuzwa, ncha ya kileleni ikawa ya chini, ikaendelea kutumika.

Ukitaka uhakika, kata sentimita 20 upande wa shakeli na uzifungue. Kamba za yoti nyingi ni mbili ndani ya moja: ganda la kusukwa, na moyo wa kusukwa ndani yake. Vuta ganda nyuma kama unavyovua soksi. Moyo mzima ni mweupe, umelala sawasawa, na ukiukunja haudondoshi kitu. Moyo uliokwisha una kijivu cha chuma, una chembe za chumvi zinazosikika chini ya kucha, na vijiuzi vifupi vilivyokatika humwagika mapajani. Kwenye kamba ya poliesta ganda na moyo hugawana mzigo, kwa hiyo ganda lililotoboka ni nguvu iliyopotea kweli. Kwenye kamba yenye moyo wa Dyneema, karibu mzigo wote uko ndani, na ganda ni kinga dhidi ya jua na vibanio. Hapo ganda baya si mwisho wa kamba, ila moyo ukijeruhiwa hakuna cha kuokoa.

Fedha ikiwa haitoshi kwa zote, mimi ningeanza na henza ya tanga kuu, kwa sababu siku moja itambeba mtu. Ya pili ni kamba ya kukunjia tanga la mbele. Ni nyembamba, imejificha kwenye pipa lake mbele kabisa, na watu huisahau. Ikikatika upepo wa kusi ukiwa umeshika, tanga lote hufunguka kwa mpigo wakati ambao ulitaka dogo. Ya tatu ni ile inayoning'iniza bumu kutoka kileleni tanga linapotuliwa. Kwa macho haifanyi kazi yoyote, ndiyo maana kwenye vyombo kuukuu hukutwa ileile ya tangu kiwandani. Ikikatika, bumu huangukia vichwa vya waliokaa chini yake. Demani zinaweza kusubiri, maana hizo uko nazo mkononi kila siku na utaziona zikichakaa.

Kumtafuta mlaji

Chukua bonge la pamba ya dukani au soksi ndefu ya kike, ulipitishe polepole juu ya kila chuma ambacho kamba hukigusa: midomo ya mashimo ya mlingoti, mashavu ya makapi, pete za kuongozea, pipa la winchi, ncha za mikono ya mlingoti, na hasa kotapini za vikazio vya nyaya, zile pini ndogo zilizopasuliwa na kukunjwa. Kidole hudanganywa na chuma laini, pamba haidanganyiki. Pale inaponasa na kuacha uzi, kuna makali. Yapunguze kwa tupa laini, malizia kwa msasa wa maji, rudia pamba mpaka ipite bila kunasa. Kotapini zikunje ndani na uzifunike kwa utepe. Demani ya tanga la mbele iliyotoboka katikati ya urefu wake mara nyingi imetobolewa na kotapini moja isiyokunjwa vizuri.

Kisha roda. Chombo kikiwa cha miaka ya 1970 au mwanzoni mwa 1980, yawezekana henza zake zilikuwa za waya, zimeungwa mkia wa kamba kwa chini. Roda ya waya ina mfereji mwembamba wenye umbo la V. Roda ya kamba ina mfereji mpana wa mviringo. Kamba ya mm 10 ikipita kwenye mfereji wa waya hubanwa mashavu yote mawili, na makovu yaliyoachwa na waya huinyoa kila inapopanda. Zipo yoti ambazo waya uliondolewa zamani, kamba ikawekwa, na roda ikaachwa ileile. Kamba hapo hudumu misimu michache tu, na lawama humwendea aliyeitengeneza kamba. Roda ibadilishwe, au ipelekwe kwa fundi wa mashine ya kukerezea achonge mpya yenye mfereji unaofaa. Kipenyo kisipungue mara 5 ya unene wa kamba, na mara 8 ni bora zaidi.

Ukikuta bado kuna waya, na winchi yake ni lile pipa linaloukunja waya wote ndani huku mpini ukiwa umechomekwa, ondoa vyote viwili. Breki yake ikiteleza mpini huzunguka wenyewe kwa kasi, na winchi za aina hiyo zimewavunja watu mikono.

Kuitazama roda ya kileleni hakuhitaji kupanda. Funga simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, uiwashe video, uitweke kwa henza yenyewe ikiwa na kamba nyembamba ya kuirudisha chini. Pandisha polepole, simama karibu na juu, shusha. Utaona mfereji, utaona kama roda inazunguka au imeshikwa na kutu, na utaona kama kuna uwazi ubavuni mwake ambamo kamba yaweza kudondokea na kukwama. Makapi yaliyo chini yasuuze kwa maji matamu na uyazungushe kwa kidole. Lisilozunguka ni jiwe la kusagia kamba.

Kamba gani, na kiasi gani

Duka la vifaa vya uvuvi litakuuzia manila, ile kamba ya plastiki ya buluu, kijani au chungwa iliyosokotwa. Kwa mitego na maboya inafaa. Kwa tanga haifai: ni polipropilini, huteleza, hurefuka, na jua huigeuza unga. Kuitambua ni rahisi, maana inaelea. Nailoni inazama, ina nguvu sana, na hurefuka sana pia. Uzuri huo ni wa kamba ya nanga na ya gati, kwa kuwa humeza mshtuko wa mawimbi. Ukiifanya henza, tanga litalegea kila upepo unapoongezeka, yaani wakati ule ule unaotaka likazike.

Inayokufaa ni poliesta ya kusukwa, ganda na moyo. Nyuzi zake zilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na mpaka leo hazijapata mpinzani kwa bei yake. Hustahimili jua, hurefuka kidogo tu, hushikika vizuri mkononi na kwenye kibanio. Ipo iliyovutwa kiwandani ili irefuke kidogo zaidi. Hiyo ndiyo ya henza. Demani zifanye za aina laini.

Muuzaji atakusifia Dyneema, na sifa zake ni za kweli. Kwa uzito uleule ina nguvu kuliko chuma, inaelea, na karibu hairefuki. Hata hivyo, kwa yoti kuukuu ya kusafiria, ambayo si ya mashindano, nakushauri usikimbilie huko. Kamba inayorefuka kidogo humeza mtikisiko tanga linapopigwa na upepo wa ghafla. Isiyorefuka huupeleka mtikisiko huo wote kwenye roda, kwenye boliti na kwenye kichwa cha tanga, na vitu hivyo vilipimwa kwa kamba za enzi yake. Matanga ya miaka 15 yenyewe yamekwisha kunyooka. Henza isiyorefuka haitayarudishia umbo. Tena Dyneema huteleza, mafundo ya kawaida hayaishiki vizuri, na huyeyuka katika joto la chini kuliko poliesta, karibu nyuzi 150 za Selsiasi tu, joto ambalo kamba inayokimbia kwenye winchi inaweza kulifikia. Ninaiona inafaa sehemu moja: mahali palipokuwa na waya mwembamba, kama ile kamba ya kuning'iniza bumu. Hapo ni nyepesi, haina kutu, haichomi mikono.

Unene usiuchague kwa kuangalia nguvu ya kukatika pekee. Kamba ya poliesta ya mm 10 hukatikia tani 2 na zaidi, na henza ya chombo cha mita 10 haifiki huko kwa matumizi ya kawaida. Ziada hiyo ina kazi, maana fundo linaweza kula hadi nusu ya nguvu, na jua nalo lina fungu lake. Chagua kwa mkono na kwa kibanio. Kwa yoti ya mita 10 hivi, henza za mm 10 hutosha, demani za mm 12 kwa sababu mkono hauwezi kuvuta kamba nyembamba yenye maji, kamba za kupunguza tanga mm 8 au 10, ya kukunjia tanga la mbele mm 8. Soma ubavuni mwa kila kibanio, mara nyingi kimeandikwa unene kinaoushika. Kilichotengenezwa kwa mm 10 hadi 12 kitaiachia ya mm 8 iteleze, na kamba inayoteleza kibanioni inaungua hapohapo.

Kupima urefu usiitegemee kamba ya zamani peke yake. Huenda ilikatwa mara kadhaa, na kamba iliyojaa chumvi hujikunyata. Henza ni urefu wa mlingoti toka sitahani mara mbili, ujumlishe umbali hadi kwenye winchi, ujumlishe mita 2 za kushika. Mlingoti wa mita 13 na winchi iliyo mita 4 nyuma hukupa mita 32. Nunua 33, kwa sababu hiyo ya ziada utaikata sentimita 30 au 40 upande wa juu kila baada ya miaka kadhaa, na mahali papya patalala kwenye roda. Demani ya tanga la mbele, kila upande, ni urefu wa chombo mara moja na nusu. Ya tanga kuu ipime bumu likiwa limesukumwa nje mpaka likaribie nyaya, na kamba ya kupunguza tanga ipime tanga likiwa limetwekwa lote. Wengi huipima hii ya mwisho tanga likiwa chini, na kamba huja fupi.

Poliesta nzuri huagizwa kutoka nje, Afrika Kusini, Dubai au Ulaya, na nauli yaweza kuuma kuliko kamba. Zungumza na majirani zako wa nangani, mchange mnunue roli zima la mita 100 au 200 mgawane. Pata rangi tofauti. Desturi ya wengi ni nyeupe kwa tanga kuu, buluu kwa la mbele, nyekundu kwa lile kubwa la mviringo la upepo wa nyuma, lakini rangi zozote ni sawa mradi mtu mgeni kwenye chombo aweze kuambiwa gizani, kwa tochi, “legeza ya buluu” asikosee.

Kuipitisha

Sasa kazi yenyewe, na hapa haraka ndiyo adui. Badilisha kamba moja kwa wakati. Usitoe mbili kwa pamoja hata kama mikono yako inawasha, na usivute kamba yoyote nje ya mlingoti bila nyingine kuifuata.

Fungua vibanio vyote. Ondoa shakeli kwenye henza ya zamani. Kata ncha yake na ncha ya kamba mpya kwa wembe mkali, wima kabisa, uziunguze kidogo kwa kiberiti cha gesi ili nyuzi zisifumuke, na kabla hazijapoa uzibonyeze kwenye ubao kusiwe na kichwa cha plastiki kinachochomoza. Ziweke uso kwa uso. Kwa sindano ya tanga na uzi uliopakwa nta, piga mishono mirefu inayovuka toka moja hadi nyingine, ikizama sentimita 5 kila upande, mizunguko sita au saba kuzunguka kamba yote. Acha mwanya wa mm 2 au 3 katikati, maana kiungo kinatakiwa kupinda juu ya roda. Kikikazwa kikawa kama kijiti, kitakwama. Zungushia utepe mwembamba tabaka moja, uanze mbali na uishie mbali, ili kusiwe na bega. Kisha mmoja ashike huku na mwingine kule mvutane kwa nguvu zenu zote. Kikivumilia, kipitishe kwanza kwenye kapi la mkononi lenye ukubwa wa lile la kileleni. Utepe peke yake, bila uzi, usiuamini kamwe, hata uwe mgumu kiasi gani; jua la saa sita huilegeza gundi yake kiungo kikiwa njiani.

Napendelea kuunga upande wa shakeli na kuvuta kwa mkia wa chini. Kiungo hupanda nje ya mlingoti ukikiona kwa macho, na kikifika kileleni unajua saa yake. Baada ya hapo hushuka ndani, na uzito wa kamba mpya husaidia. Mmoja avute, mmoja alishe, na mlishaji ndiye mkuu: asiruhusu kamba ijikunje wala ikazike, na akisema simama, mvutaji asimame. Kikikwama, usilazimishe. Rudisha nusu mita, sokota kamba kidogo kwa vidole ili kiungo kigeuke upande, jaribu tena. Mkia wa kamba mpya uwe umefungwa kwenye nguzo tangu mwanzo, kabla hujavuta hata futi moja.

Kama kamba mpya haijafika na unataka kuziosha za zamani, acha kamba nyembamba ya mm 3 au 4 mahali pake kwa njia hiyohiyo ya kuunga. Hata uzi wa uvuvi mnene unafaa, mradi usiwe na mafundo.

Na kiungo kikiachia, ncha ikapotelea ndani ya mlingoti? Inarekebishika. Tafuta kipande cha mnyororo wa baiskeli, kiasi cha mkono mmoja, ukifunge kwenye kamba nyembamba na kukidondosha juu ya roda ya kileleni. Mnyororo hupita penye upenyo mdogo, hauzungukizungui, na ukigonga ukuta wa ndani utausikia umefika wapi. Ukifika kwenye tundu la chini, uvute kwa sumaku au kwa waya uliokunjwa ncha. Kazi hiyo yahitaji mtu juu, na kumpandisha mtu juu kuna sheria zake.

Henza ya zamani inatosha kubeba kiungo. Haitoshi kubeba mtu. Ipitishe kwanza mpya ukiwa sitahani, ndipo mtu apande kwa mpya. Kiti cha kupandia kifungwe kwa fundo moja kwa moja kwenye kitanzi chake, usitumie shakeli ya kufyatua, ambayo ikigusa waya inaweza kufunguka. Henza ya pili nzima ifungwe kwenye mkanda wa kifua na ikazwe na mtu wake mwenyewe hatua kwa hatua. Kabla ya kupanda, mpandaji aning'inie nusu mita juu ya sitaha na ajirushe kwa nguvu mara kadhaa. Kuwa mkwezi hodari wa minazi hakupunguzi hata moja kati ya hizi. Zana ziwe mfukoni na zimefungwa uzi, na chini ya mlingoti asikae mtu.

Ncha na mafundo

Mwisho wa kila kamba funga kwa uzi wa nta, mizunguko ya karibukaribu yenye urefu sawa na unene wa kamba mara moja na nusu, kisha uushone uzi uvuke kamba mara mbili tatu usichomoke. Kuunguza pekee hakudumu. Plastiki hupasuka baada ya miezi michache, ganda likarudi nyuma na moyo ukachungulia.

Henza ifungwe kwenye shakeli kwa fundo fupi linalokaa kichwa cha pingu, ili tanga lifike juu kabisa. Vitanzi vya kufumwa ni bora kwa nguvu, lakini poliesta kuukuu haikubali kufumwa kwa urahisi, na kwa vyombo vyetu fundo linatosha. Dyneema tupu ndiyo isiyotaka fundo: mkia wake uzikwe ndani ya kamba yenyewe kwa urefu wa mara 72 ya unene wake, yaani sentimita 58 hivi kwa kamba ya mm 8, na ushonwe usichomoke.

Demani za tanga la mbele zifunge mbili, kila moja kwa kitanzi cha bolini, kile kisichojikaza wala kisichogoma kufunguka. Usiweke shakeli pale. Tanga linapopepea wakati wa kubisha, chuma hicho huruka kwenye kimo cha uso. Na ncha za mwisho za demani na henza zote zipige fundo la nane, ili kamba ikikuponyoka isikimbie yote.

Safari ya kwanza iwe ya upepo mwepesi. Majira ya tanga mbili, kabla kaskazi haijashika, ndiyo nafuu zaidi, na asubuhi kabla upepo wa bahari haujaamka. Tweka, kaza, subiri nusu saa, kaza tena: kamba mpya hujikalia, na mkazo wa tanga uliouzoea utahama. Angalia winchini kamba inaingia kwenye pipa ikitokea chini kidogo. Ikitokea juu, mizunguko itapandana na kukwama ukiwa na mzigo, nawe utahitaji kusogeza kapi la kuongozea. Bisha mara kadhaa huku mtu mmoja akitazama demani tu, wapi zinagusa. Ukirudi nangani, pitisha pamba tena pale zilipogusa.

Andika ndani ya kabati la chombo unene, urefu na tarehe ya kila kamba uliyoweka, ili atakayeagiza baadaye asipime upya. Henza bora kati ya za zamani, ile iliyooshwa na isiyo na mahali pembamba, ikunje uiweke stoo iwe akiba. Zilizobaki zikatekate ziwe za kufungia maboya ya ubavuni na kanda, ila vile vipande vilivyokuwa juu ya roda na ndani ya vibanio vitupe leo hii, asije mtu akavikuta akadhani bado ni kamba.